Mlima wa Moto Hauna Hatia

Hapa Mnyuzi, vuli inapochelewa na mahindi yakakauka yangali yakifika magotini, watu huzungumza sana habari za mvua na jua. Miongoni mwa hoja ninazozisikia barazani ipo moja inayosemwa na vijana waliosoma, nayo yastahili kujibiwa kwa heshima. Husema: "Mwalimu, dunia ilipata joto kabla binadamu hajakuwepo. Milima ya moto ndiyo iliyoipasha. Basi kosa letu liko wapi?"

Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli, na ushahidi wake mmoja umo katika nchi yetu wenyewe. Mwanzoni mwa karne hii wataalamu kutoka Uingereza, wakishirikiana na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, walitoboa ardhi katika sehemu za Kilwa na Lindi. Walitoa vipande virefu vya udongo ambao hapo kale ulikuwa tope la chini ya bahari. Ndani yake mna magamba ya viumbe wadogo mno, na magamba hayo huhifadhi alama ya joto la maji walimoishi. Tabaka moja, la miaka ipatayo milioni 56 iliyopita, lilionyesha bahari iliyopata joto kali. Wakati huo joto la dunia nzima lilipanda kwa nyuzi 5 hivi za Sentigredi.

Wataalamu wengi wanakitafuta chanzo chake mbali sana na Lindi: kaskazini mwa bahari ya Atlantiki, mahali ambapo Greenland na Ulaya zilikuwa zikiachana. Mawe yaliyoyeyuka yalipanda kutoka chini, yakapenya katika matabaka yaliyojaa mabaki ya viumbe, yakayaoka kama tanuri liokavyo mkate. Gesi ya kaboni dioksaidi na ya methani zikatoka kwa wingi, zikapanda angani na kulizuia joto lisitoke. Wapo wanaotaja visababishi vingine pia, lakini volkano imo katika maelezo yao karibu yote.

Sasa tuitazame sehemu ya pili ya hoja. Je, kwa kuwa volkano iliipasha dunia, sisi hatuna kosa? La hasha. Hapa vijana wetu wanachanganya mambo mawili, chanzo na hatia. Radi ilichoma mapori kabla hajazaliwa mtu wa kwanza. Hata hivyo, mtu akiichoma nyumba ya jirani yake, hakuna baraza la wazee litakalomwachilia kwa sababu radi nayo huchoma. Mlima wa moto haujui utendalo wala hauwezi kuchagua. Sisi tunajua, na tunachagua kila siku.

Tena hata vipimo havilingani. Gesi ya zama zile ilitoka kwa muda wa maelfu ya miaka. Kwa makadirio ya wataalamu, kaboni tunayoitoa sisi kila mwaka huenda ni mara 10 ya ile iliyotoka kwa mwaka wakati huo. Volkano zote za leo, pamoja na Oldoinyo Lengai yetu, hazifikishi hata sehemu moja katika mia ya kaboni dioksaidi itokayo kwa shughuli za watu. Na baada ya joto lile, dunia ilihitaji zaidi ya miaka 100,000 kurudia hali yake. Mjukuu gani atasubiri kiasi hicho?

Lakini tukisema "sisi", ni akina nani? Mkulima wa Mnyuzi mwenye jembe na baiskeli hawezi kuhesabiwa sawa na mataifa yaliyochoma makaa ya mawe kwa zaidi ya miaka 200 yakatajirika. Mzigo ugawanywe kwa kadiri ya kila mmoja alivyochukua. Asiyekubali hilo anataka kuwatwisha maskini deni la matajiri.

Walakini, haki hiyo isitufanye tufumbe macho. Tangu 2010 gesi asilia nyingi imegunduliwa chini ya bahari, nje ya mikoa ya Lindi na Mtwara, yaani pwani ile ile ambayo udongo wake unatusimulia habari za joto la kale. Sisemi tuiache. Hospitali zinahitaji umeme, na mama anayepikia gesi hupumzika moshi wa kuni. Ninachosema ni kwamba tutakapoitoa tutakuwa tunajua. Tujiulize itamnufaisha nani, itachomwa kwa muda gani, na mapato yake yatajenga nini kitakachobaki baada yake: mabwawa, misitu, umeme wa jua, au magari ya wakubwa?

Hilo ndilo jibu langu kwa vijana wa barazani. Kuyasoma mambo ya kale ni jambo jema, mradi tusiyafanye kichaka cha kujifichia. Udongo wa Lindi unatuonyesha matokeo ya gesi nyingi kupanda angani. Aliyekwisha kuonyeshwa hawezi tena kujitetea kama mlima, kwa maana yeye amepewa akili, na atakuja kuulizwa aliitumiaje.