Gemu Iliyosifiwa na Haki ya Kutoipenda

Mwanamume anazinduka katika chumba cha hosteli kilichovurugwa, pombe ya jana ingali kichwani, na hakumbuki hata jina lake. Tai yake inazunguka na pangaboi darini. Mchezaji akiamua kuichukua, dadu mbili zinarushwa. Kama mhusika aliyemuunda ana mwili dhaifu mno na dadu zikamkataa, moyo unasimama na mchezo unaishia hapo, kabla hajatoka chumbani. Kuna wanaoangua kicheko na kuanza upya, na kuna wanaoifuta gemu kwenye kompyuta wasiitazame tena.

Gemu hiyo ni Disco Elysium, iliyotoka Oktoba 2019, kazi ya studio ya ZA/UM iliyoanzia Estonia, na mbunifu wake mkuu ni mwandishi wa riwaya Robert Kurvitz. Mwaka huohuo iliwania tuzo nne katika The Game Awards ikazibeba zote, ikiwemo ya gemu bora ya kuvaa uhusika. Mwaka uliofuata BAFTA ya Uingereza ikaiongezea tatu. Maneno yake yanapita milioni moja, mengi yakiwa mazungumzo: mpelelezi mlevi anachunguza kifo cha mtu aliyekutwa ananing'inia mtini, huku stadi 24 za nafsi yake zikibishana kichwani mwake kama wazee wa baraza wasioivana.

Sasa tuseme mtu ameicheza mpaka mwisho, ikamchosha. Amekosea?

David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, aliligusa swali hilo katika insha ya 1757 kwa kisa alichokitoa katika riwaya ya Don Quixote. Jamaa wawili wa Sancho, mtumishi wa Don Quixote, waliitwa kuonja mvinyo. Mmoja akausifu, ila akasema una ladha ya ngozi. Wa pili naye akausifu, ila akasema una ladha ya chuma. Watu wakawacheka. Pipa lilipomiminwa lote, chini kukakutwa ufunguo uliofungwa kamba ya ngozi. Kwa Hume, basi, kuna waonjaji wazuri na wabaya, na hukumu ya wale waliozoea, waliolinganisha vingi na wasio na upendeleo, ndiyo kipimo.

Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, mwaka 1790, hakuridhika na hilo. Alitoa mfano wa mtu anayesomewa shairi lisilomvutia. Atajiwe wahakiki mashuhuri, atajiwe kanuni zao zote, ataziba masikio, kwa kuwa uzuri haukubaliwi kwa ushahidi wa watu wengine. Mwandishi Mrusi Leo Tolstoy aliziba yake hadharani: akiwa na miaka 75 alimsoma tena Shakespeare mzima, kisha katika insha iliyochapishwa 1906 akashikilia kwamba sifa zote zile hazikustahili.

Gemu inawatatiza Hume na Kant wote wawili. Jamaa wa Sancho walionja pipa moja, ilhali wachezaji wa Disco Elysium hawapewi maandishi yaleyale. Aliyempa mpelelezi wake akili nyingi husikia ndani ya kichwa maelezo marefu ya historia ya mji. Aliyempa misuli husikia sauti inayomchochea apige. Maiti ni moja, lakini kila mmoja amesoma kitabu chake.

Hata hivyo, ufunguo upo na unaweza kuonyeshwa. Maandishi marefu, dadu zinazoweza kumwangusha mtu aliyepanga vizuri, mzaha wa kisiasa usiomwacha mkomunisti wala bepari: hayo yote yamo, na kila mchezaji atayakuta. Ajabu ni kwamba anayeisifu na anayeichukia mara nyingi wanataja mambo hayohayo. Hawabishani kama ngozi na chuma vimo, wanabishana kama vinauharibu mvinyo. Na Hume mwenyewe alikubali kwamba hapo hakuna wa kulaumiwa: kijana wa miaka 20, alisema, atampenda mshairi Ovid, wa 40 atampenda mshairi Horace, na wa 50 mwanahistoria Tacitus.

Ruhusa hiyo haimfikii kila mtu. Aliyeacha kwenye pangaboi ametueleza habari za subira yake, gemu bado hajaisema. Aliyemaliza akachoka hadaiwi kukubaliana na wahakiki. Anadaiwa kutaja kilichomchosha, na kwa nini hapo mwenzake alifurahi. Anayeisifu anadaiwa vilevile. Kuhesabu tuzo saba si jibu. Aoneshe, kwa mfano, jinsi Kim Kitsuragi, mpelelezi mwenza mtaratibu mwenye daftari lake, anavyomfanya mchezaji aone aibu kwa upuuzi aliouchagua mwenyewe. Mpinzani wake akijibu kwamba Kim alimpendeza na bado yale mengine yalimlemea, hapo ubishi wao utakuwa umeanza kuihusu gemu yenyewe.