Kuacha Nyama si Kuiharimisha

Bismillahi Rahmani Rahim.

Watu huacha kula nyama kwa sababu nyingi, wala nia zao si moja. Banyani wa Mombasa na Unguja huiacha kwa dini yake. Mgonjwa kwa amri ya tabibu. Maskini kwa kukosa cha kuinunulia. Na wako waiachao kwa huruma. Katika Uingereza wasiokula nyama waliunda chama chao mwaka 1847. Na mwaka 1944 wakatoka wengine wakaunda chama cha wasiotumia hata maziwa na mayai.

Wala jambo hili si geni kwa Waislamu. Mshairi Abul-Alaa al-Maarri, kipofu wa Sham, aliyefariki mwaka 449 Hijria (1057), alikaa zaidi ya miaka 40 pasina kuonja nyama. Al-Muayyad Shirazi, mlinganiaji mkuu wa Wafatimi wa Misri, alimwandikia kumwuliza sababu. Akajibu kuwa huwahurumia wanyama. Tena mali yake ni dinari 20 na kitu kwa mwaka, na mtumishi wake hutwaa sehemu, basi yamtosha dengu na kunde.

Je, mtu kama huyu amekosa? Sura ya Al-Maida, aya ya 87, yakataza kuharimisha vizuri alivyohalalisha Mwenyezi Mungu. Basi asemaye nyama ni haramu amejitwalia amri isiyo yake. Ama akiriye kuwa ni halali, kisha asile, huyo hakuharimisha kitu. Mtume s.a.w. aliandaliwa nyama ya dhabb, naye ni mjusi wa jangwani, akazuia mkono wake. Khalid bin Walid akauliza: ni haramu? Akaambiwa la, ila hapatikani katika nchi ya watu wake. Khalid akaivuta akala, na Mtume amtazama. Hakumkataza mlaji, wala mlaji hakumlaumu aliyeacha.

Basi na aogope amwitaye nduguye kafiri kwa sahani ya pilau. Kula nyama si nguzo ya dini. Hata siku ya Idd ya kuchinja, asiyekula aweza kuchinja akawapa maskini. Kwani Sura ya Al-Hajj, aya ya 37, yabainisha kuwa nyama na damu hazimfikii Mwenyezi Mungu, humfikia ucha Mungu.

Na mlaji naye ajihisabu. Mtume s.a.w. ameamuru kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Wangapi humburuta mbuzi kwa mguu, wakamlaza mbele ya wenziwe, na kisu ni butu? Mtu huyo ana haja ya kuonywa kabla ya yule asiyekula, kwani yeye ndiye aliyeacha amri.

Mwenye kula na ale kwa ihsani. Mwenye kuacha na aache bila kuharimisha. Wala mmoja asimdharau mwenziwe.

Wallahu aalam.