Nyanya Akishakufa, Tumlipe Nini?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu zangu Waislamu, wengi katika sisi tuliokulia katika miji hii ya pwani tumelelewa na nyanya. Kwake tulilala, na kwake tulijifunza Alhamdu kabla hatujapelekwa chuoni. Mapenzi yale ni deni juu yetu. Leo nataka tuulizane deni hili hulipwa kwa nini, maana mimi mwenyewe nalidhani nimelilipa, kumbe sikulipa kitu.

Nyanya yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mjane asiye na mali. Alishona kofia, na kwa kofia hizo tulikula. Kila adhuhuri, kabla hajatupakulia sisi, alijaza bakuli moja wali na mchuzi, akalifunika kawa, akanipa nilipeleke kwa jirani yetu mmoja, kikongwe kipofu asiye na mtu. Siku moja chakula kilikuwa kichache, nikamwambia, "Nyanya, leo sisi wenyewe hatutashiba." Akanijibu, "Mjukuu wangu, sisi tukiona njaa tutaambizana. Yeye atamwambia nani?" Bakuli likaenda.

Alipofariki tulifanya kama wafanyavyo watu. Tulipika siku ya tatu, na siku ya arubaini tukachinja ng'ombe. Fedha zilipopungua tukakopa, na mkopo usipotosha tukauza vikuku vyake kabla mirathi haijagawanywa. Warithi wake walikuwa wawili tu: mama yangu, na yatima wa kiume wa marehemu mjomba wangu, ambaye alikuwa bado hajabaleghe. Kwa hisabu ya sheria, binti ana nusu, na nusu iliyobaki ni ya mjukuu huyo. Basi nusu ya kila kikuku ilikuwa mali ya mtoto yule, nasi hatukumwuliza mtu. Wageni wakala wakashiba, wakatusifu kuwa tumemwenzi nyanya yetu.

Siku ya pili yake nikapita mlangoni pa yule kikongwe. Akanijua kwa sauti. Nikamwuliza hali, akasema, "Alhamdulillahi. Jana nimesikia harufu ya pilau mpaka hapa, nikajua mwamkumbuka. Lakini, mjukuu wangu, tangu yeye afe mlango huu haujabishwa."

Siku arubaini! Wallahi sikupata la kumjibu. Ng'ombe tuliweza kumchinja, na bakuli moja la wali likatushinda.

Ndugu zangu, natutazame dini yetu ilivyomtendea nyanya. Katika ukhalifa wa Sayyidna Abubakar, alikuja nyanya mmoja kudai fungu lake katika mirathi. Abubakar hakuliona fungu hilo katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu, wala hakulijua katika mwendo wa Mtume, lakini hakumfukuza mama yule. Aliuliza watu. Al-Mughira bin Shu'ba akashuhudia kuwa Mtume alimpa nyanya sudusi, yaani fungu moja katika sita. Abubakar akataka mwingine wa kumuunga mkono, naye Muhammad bin Maslama akasema vivyo hivyo. Ndipo akampa haki yake. Tazama basi: khalifa wa Waislamu asimama kutafuta mashahidi wawili ili kikongwe asidhulumiwe, na sisi twauza vikuku vya kikongwe na kumdhulumu mjukuu wake!

Na mali ya yatima, ndugu yangu, si jambo dogo. Mwenyezi Mungu amewaonya katika Suratun-Nisaa wale waliao mali ya mayatima kwa dhulma, kuwa hakika wala moto matumboni mwao. Je, moto huo huzimika kwa kuwa umepikwa kwa jina la hitima?

Ama chakula cha matanga, mwendo wa Mtume ni kinyume cha huu wetu. Alipouawa Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Muta, mwaka wa 8 wa Hijra (629), Mtume aliamuru watu wa Jaafar wapikiwe chakula, kwa kuwa msiba umewashughulisha. Yaani jirani ndiye humpikia mfiwa. Sisi tumeligeuza, mfiwa ndiye awapikiaye majirani, tena kwa deni.

Huenda mtu akasema, "Basi wataka tumsahau nyanya kama asiye na watu?" Hasha! Saad bin Ubada alifiwa na mama yake naye akiwa safarini. Aliporudi alimwuliza Mtume kama itamfaa mamake akimtolea sadaka, akaambiwa ndiyo. Akaitoa bustani yake kuwa sadaka kwa ajili yake. Na Mtume ametufunza kuwa mtu akifa amali yake hukatika, isipokuwa sadaka yenye kuendelea, na elimu yenye kunufaisha watu, na mtoto mwema mwenye kumwombea. Milango hii iko wazi kwa tajiri na maskini. Nyanya yako akiwa na deni, lilipe. Akiwa ameusia, timiza wasia wake katika thuluthi. Rafiki zake watembelee, jamaa zake waunge, na lile jema alilokuwa akilifanya usiliache likafa naye. Na kama nyanya yako angali hai, nenda kwake leo ukakae naye, usingoje kumlilia.

Mimi na mama yangu tulikaa tukapiga hisabu, tukamrudishia yatima nusu ya thamani ya vikuku. Ilituchukua muda mrefu, maana na ile fedha tuliyokopa ilikuwa ikitungoja. Lakini bakuli lilirudi njiani siku ile ile. Yule kikongwe naye amekwisha kutangulia mbele ya haki, na leo bakuli lakwenda mlango mwingine, akilichukua mwanangu ambaye hakumwona nyanya yangu hata siku moja.

Ewe Mola wetu, wasamehe nyanya zetu na warehemu kama walivyotulea tungali wadogo. Utujaalie kuyaendeleza mapenzi yao kwa matendo, wala usitujaalie kula haki za mayatima kwa majina yao. Amin.