Mlango Nilioufunga kwa Neno "Lakini"

Nilizaliwa Bwiza, mji wa Bujumbura ulipokuwa ungali ukiitwa Usumbura. Mama yangu aliuza ndagala, yaani dagaa, sokoni. Kila usiku, kabla ya kuzima kibatari, alitupigisha magoti mkekani akatuambia tumtajie Mungu majina. Kila mtoto ataje watu wake. Nilitaja wenzangu wote wa uani: Wahutu, Watutsi, wana wa Kiislamu wa Buyenzi tuliocheza nao mpira, na wale ambao wazazi wao walivuka kutoka Uvira, upande wa Kongo. Sikujua kuwa majina hayo hupangwa kwa mafungu. Nilijua tu kuwa Mungu anawafahamu wote, na kwamba nikimsahau mmoja, kesho yake nitamtaja mara mbili.

Nilipokua, sala ile niliionea haya. Nikasoma, nikapata kazi ya ofisini, nikafunga ndoa kanisani, nikachaguliwa kuwa mtunza hazina wa jumuiya yetu. Misa ya Jumapili sikuikosa. Ila majina niliacha kuyataja. Nikawa naomba afya, mshahara, karo ya watoto, na amani ya nchi kwa jumla. Ni rahisi kuombea nchi kwa jumla, kwa kuwa haiji kukubishia hodi usiku.

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na Burundi ikaingia katika vita vya miaka mingi. Bujumbura ikagawanyika mtaa kwa mtaa. Kamenge na Kinama zikawa za Wahutu. Ngagara na Nyakabiga zikawa za Watutsi. Sisi wa Bwiza tuliendelea kuishi mchanganyiko, mpaka Machi 1995 risasi zilipofika kwetu.

Jioni moja ya siku zile jirani yangu alikuja na watoto wake wawili. Kabila langu na kabila lake siyataji, maana ukiyajua utaanza kuhesabu nani alimkosea nani. Akasema, "Ndugu yangu, nilindie hawa kwa usiku huu tu." Nikamjibu, "Ndugu yangu, ningependa sana, lakini na mimi nina watoto." Hakunilaumu. Aliwashika mikono wakaondoka gizani, na mimi nikafunga mlango kwa komeo. Tangu usiku ule sijawaona. Jumapili nilipitisha kapu la sadaka kama kawaida, na hakuna aliyejua kuwa kapu lile lilishikwa na mtu aliyekwisha kuipoteza imani yake.

Majuto ni mjukuu. Yangu yalinifikia uzeeni, baada ya kustaafu, nilipokwenda kuhiji Buta, kwenye seminari ndogo ya jimbo la Bururi. Gari lilifuata ziwa Tanganyika kuelekea kusini. Tulipita Minago, pale alipopigwa risasi balozi wa Papa, Askofu Mkuu Michael Courtney, Desemba 2003. Tukafika Rumonge, kisha tukapanda milimani hadi Buta.

Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, watu wenye silaha waliingia katika mabweni ya seminari hiyo. Waliwaamsha wanafunzi, wakawaamuru watengane, Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana wakakataa. Wakashambuliwa wakiwa pamoja kwa risasi na maguruneti, na 40 wakauawa. Mkuu wao, Padri Zacharie Bukuru, amesimulia kuwa mwanafunzi wa kwanza kumfikia baada ya shambulio alimwambia kwamba wameshinda: waliamriwa watengane, nao wakakataa.

Nilisimama mbele ya makaburi yao nikiwa na mvi kichwani. Walikuwa na umri wa wanangu. Hapo ndipo nilipoyatambua makosa yangu mawili.

La kwanza, nilidhani imani ya mtoto ni ujinga ambao mtu huuvua anapopata akili. Vijana wa Buta hawakuwa wajinga. Walijua mauaji ya 1972, walijua ya 1993, na baadhi yao walikuwa wamefiwa. Padri Bukuru alikuwa amewazoeza kukaa pamoja na kuyazungumza maumivu hayo waziwazi, kusali, kucheza na kuimba pamoja. Walijua yote niliyoyajua mimi. Tofauti yetu ni kwamba wao hawakuliacha neno "lakini" liingie kati yao na ndugu yao.

La pili, nilidhani nimeikomaza imani yangu, kumbe nimeikausha. Katika Mathayo sura ya 18, wanafunzi wa Yesu walimuuliza nani aliye mkubwa, naye akamweka mtoto katikati yao. Nimeyasikia mahubiri ya sura hiyo mara nyingi, na kila mara nilifikiri inahusu upole. Sasa naamini inahusu mlango. Mtoto akisikia hodi hukimbia kufungua. Mtu mzima huuliza kwanza ni nani.

Juni 2019 Kanisa la Burundi lilianzisha rasmi safari ya kuwaombea vijana hao watangazwe wenye heri, wakitajwa kuwa mashahidi wa undugu. Nafurahi kwa ajili yao. Ila "lakini" yangu ile ya 1995 haifutwi na sherehe yoyote. Nimemtafuta jirani yangu, nimeulizia kwa waliorudi kutoka Uvira, sijapata habari zake.

Nilichoweza kukirudia ni mkeka wa mama. Kila usiku napiga magoti, ingawa yanauma, na kutaja majina. Naanza na wale watoto wawili. Kisha nataja majirani wa sasa mmoja mmoja, pamoja na wale ambao moyo wangu ungependa kuwaruka, maana nimejifunza kuwa mtu uliyemtaja kwa jina mbele ya Mungu jana usiku ni vigumu kumfungia mlango leo.

Nawe unayesoma haya, usingoje mvi zikufundishe. Leo usiku taja majina. Na jirani yako akibisha hodi, fungua kwanza.