Kumsitiri Mlevi Mbele ya Tabibu

Katika darsa yetu iliyopita mmoja wa wasikilizaji aliuliza swali lililotunyamazisha kwa muda. Mtu akilazwa hospitali, na jamaa zake wajua kuwa hunywa, je, yajuzu kulificha jambo hilo kwa daktari kwa nia ya kumsitiri? Wengine walijibu upesi kuwa kusitiri aibu ya Mwislamu ni katika mambo tuliyohimizwa, na mazungumzo yakaishia hapo. Sisi twaona mlango ulifungwa kabla ya kutazamwa kilichomo ndani.

Hali ya miji yetu twaijua sote. Tembo lauzwa, chupa zauzwa, na wanywao si wageni peke yao. Wapo wanywao mwaka mzima, kisha Ramadhani ikikaribia huvunja jungu na kuacha kwa siku moja, kama azimaye taa. Aliyekuwa akinywa kidogo hapati dhara, na kuacha ni heri yake. Lakini aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, mwili humdai. Yapata saa 6 au zaidi tangu funda la mwisho, mikono hutetemeka, jasho humtoka, moyo humwenda mbio na usingizi humruka. Katika siku mbili za kwanza huweza kuangushwa na kifafa. Na baina ya siku ya pili na ya nne baadhi yao hupayapaya: huona wadudu ukutani, husema na watu wasiokuwapo, hawamtambui mke wala mama. Tabibu wa Kiingereza, Thomas Sutton, aliiandika hali hii tangu mwaka 1813. Ikiachwa bila ya matibabu huua wengi. Ikitibiwa vyema, wafao ni wachache.

Na kwetu mtu akifika hapo husemwaje? Husemwa ana pepo. Hufukizwa ubani, huitwa mganga, na saa za kumwokoa zikapita katika moshi.

Sababu yake si pepo. Mfano wa ubongo wa mlevi ni mabaharia wa mashua iliyoshikwa na upepo mkali. Wao huhamia goshini, wakalalia upande ule ili chombo kisilale. Ubongo nao, kwa kuwa pombe yaupumbaza kila siku, hujilazimisha kuwa macho kupita kiasi. Basi upepo ukikatika ghafula na mabaharia wote wangali upande mmoja, chombo chapinduliwa na uzito wao wenyewe. Mwaka 1955 Harris Isbell na wenziwe walitangaza jaribio walilolifanya Lexington, Marekani, kwa watu waliokuwa zamani wametawaliwa na mofini. Waliwanywesha pombe kwa majuma mengi, wakiwalisha vizuri, kisha wakaikata. Waliokunywa kwa siku 48 au zaidi walishikwa na mtetemeko, na wengine kifafa na kupayapaya. (Kazi ya namna hiyo leo haingeruhusiwa, na sisi hatuisifu.) Ikabainika kuwa maradhi haya yaletwa na kukatika kwa pombe, si na njaa wala wazimu.

Dawa yake ni ile iwarudishayo mabaharia kati polepole. Mbele ya nyingine zote ni zile za jamii ya diazepamu na klodiazepoksaidi, ambazo huutuliza ubongo pale pale pombe ilipokuwa ikiutuliza. Mwenye ini bovu na mzee mara nyingi huchaguliwa lorazepamu, isiyolichosha ini sana. Huongezewa thayamini, nayo ni vitamini B1, kwani mlevi huwa ameishiwa nayo, na kutiwa maji ya sukari bila ya hiyo huweza kumharibia ubongo. Sasa tazama hatari ya kuficha. Daktari asiyeambiwa huweza kudhani huyu ni mwendawazimu tu, akampa klopromazini. Katika uchunguzi wa wagonjwa 537 uliotangazwa Marekani mwaka 1969, waliopewa klopromazini walipatwa na kifafa zaidi kuliko waliopewa klodiazepoksaidi. Basi uwongo wa jamaa kitandani huenda ukageuka sindano isiyofaa.

Atasema msemaji: dawa hizi nazo zalegeza akili, basi si kumtoa mtu katika ulevi na kumtia katika ulevi? Swali hili halistahili kudharauliwa, kwani ni kweli kuwa diazepamu ikitumiwa ovyo humtawala mtu, na haifai jamaa kurudi nyumbani na mfuko wake. Lakini mlevi hunywa ili akili imwondoke, na tabibu humpa dawa ili akili imrudie, kwa siku chache na kwa kipimo kipunguzwacho. Mwaka 1994 ilionekana kwa wagonjwa 101 kuwa wapewao dawa pale tu dalili zionekanapo walimaliza matibabu kwa saa 9 hivi, na wapewao kwa ratiba kwa saa 68. Mafaqihi wetu wa Kishafii walijuzisha tangu zamani kumwondolea mtu fahamu kwa dawa isiyokuwa kinywaji cha kulevya, ili akatwe kiungo kilichooza. Ama pombe yenyewe, ambayo hospitali nyingine zilipata kuitumia kwa kazi hii, Mtume (S.A.W.) alipoulizwa habari yake alikataa kuiita dawa, na matabibu leo hawaipendekezi, kwa kuwa iliyo bora ipo.

Twarudi kwenye sitara. Kusitiri ni kutomtangaza mtu barazani. Hindi binti Utba alimtajia Mtume ubahili wa mumewe Abu Sufyani kwa kutaka hukumu, wala hakukatazwa, na wanavyuoni wakalitumia jambo hilo kuonyesha kuwa kutaja aibu kwa haja ya haki si kusengenya. Basi haja ya roho itakuwaje?

Twamjua mtu wa mtaa wetu aliyevunjika mguu akalazwa. Nduguye mkubwa aliapa mbele ya daktari kuwa huyu hajui ladha ya tembo. Usiku wa tatu alianza kuchuna shuka kwa vidole na kupiga kelele kuwa ukuta una watu. Ndugu akaenda kutafuta mganga. Mke, akiwa peke yake na muuguzi wa zamu, alieleza yote: kiasi gani, kwa miaka mingapi, na siku ya mwisho. Alipewa diazepamu na thayamini usiku ule ule, na siku ya tano akamwita mkewe kwa jina.

Ndugu yule asema shemeji yake ameivua nguo nyumba yao. Tumemwendea mara mbili. Mpaka tuandikapo haya hajaingia nyumba ile, ingawa nduguye huenda msikitini kwa mkongojo, na mke ndiye amshikaye mkono mpaka mlangoni.