Tuulize Kabla ya Kumwagilia



Tutazame vyungu viwili vya maua barazani. Kimoja kina mshubiri. Cha pili kina lile ua dogo la zambarau la milima ya Usambara, lililopelekwa Ujerumani mwaka 1892. Ua la Usambara limezoea kivuli cha msitu na mawe yenye unyevu. Tukiliweka juani, majani yake huungua. Mshubiri huweka akiba ya maji ndani ya majani yake manene, nao hutaka jua na udongo wa kichanga. Tukiumwagilia kila siku mizizi huoza, majani hulegea. Nasi, tukidhani una kiu, twauongezea maji. Hivyo hufa mikononi mwa wanaoupenda. Yatosha kutia kidole udongoni kwanza; ukiwa bado na unyevu, tungoje.

Je, na jirani zetu? Mjane twamjazia nyumba siku za matanga. Miezi mitatu baadaye hakuna apigaye hodi. Kijana aliyeacha kuja kanisani twamzidishia maonyo, wala hatujamwuliza lililomsibu.

Bwana wetu alipomkuta mtu aliyeugua miaka 38 kando ya birika la Bethzatha, alimwuliza kwanza kama anataka kuwa mzima (Yohana 5). Yeye ajuaye yote aliuliza. Sisi tusiojua, mbona twaenda na ndoo tayari?

Juma hili tupige hodi mlango mmoja, tuulize, kisha tunyamaze tusikie. Mungu atupe upendo wenye macho. Amina.