Siku ya Tatu Mpe Jembe

Methali "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe" tumeizoea kama fimbo. Huchomolewa anapotajwa shemeji aliyekuja kusalimia akageuka mpangaji, au kijana wa ndugu anayeamka saa nne na kuulizia chai. Lakini isikilize vizuri: haimsemeshi mgeni hata kidogo. Anayeamrishwa ni mwenyeji. Yeye ndiye wa kutoa jembe, na amewekewa na siku.

Kwa hiyo mimi naiona ni methali ya mabosi kuliko ya wavivu.

Siku mbili za mwanzo ni haki ya mgeni: ajue choo kiko wapi, nani mkali nani mpole, chakula huliwa saa ngapi. Siku ya tatu ukarimu hubadilika sura. Kumwacha mtu akae bila kumwambia unataka nini kwake si upole. Ni kumbakiza mlangoni hali yumo ndani. Jembe ndilo linalomvua ugeni. Akirudi shambani na vumbi miguuni, anakula kama mwenye nyumba, si kama wa kuhurumiwa.

Tena jembe halina mafumbo. Ukimshikisha mtu jembe na kumwonyesha ngwe yake, kutoka mgomba huu hadi kichuguu kile, jioni ataona mwenyewe kama amemaliza au bado. Sasa sikiliza kauli za maofisini kwetu. "Changamka." "Nataka ripoti mapema." Mapema ya lini? Msaidizi wa mhasibu anaipeleka Ijumaa saa nne asubuhi, anajiona kawahi; kumbe bosi alitaka kuingia nayo kwenye kikao cha saa tatu siku hiyohiyo. Hapo hakuna mvivu. "Niipate Alhamisi kabla ya saa kumi, kurasa mbili, makusanyo na madeni basi" ingewaokoa wote wawili. Badala yake bosi ananuna, anamlalamikia mhasibu mkuu, njiani anamlalamikia dereva, na mwenye kosa anakuwa wa mwisho kujua kwamba ana kosa. Akithubutu kuuliza anajibiwa, "Si ujiongeze!" Silipendi jibu hilo. Mara nyingi hutoka kwa mtu ambaye mwenyewe hajaamua anachotaka.

Atatokea wa kusema kuwa mgeni muungwana hangoji kupewa. Ni kweli, na Mwalimu Nyerere aligusia jambo hilo alipoitumia methali hii katika andiko lake la mwaka 1962 kuhusu ujamaa: kwamba mgeni wa zamani alielekea kuliomba jembe kabla hajapewa, kwa kuwa alijua anatarajiwa afanye nini na angeona haya kukaa bure. Lakini angalia alijuaje. Kijijini kazi ilikuwa wazi kwa kila mwenye macho: mvua zikianza ni kupanda, mtama ukikomaa ni kuvuna. Ofisini hakuna majira ya namna hiyo. Kila bosi ana mvua zake, na aliyetoka ofisi nyingine amekuja na kalenda ya huko. Kuuliza ni wajibu wa mgeni, sawa, ila mwenyeji anayejibu kwa mafumbo amelirudisha jembe stoo.

Sheria nazo zimeshika upande huohuo wa methali. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeanza kazi taarifa za maandishi, yakiwemo maelezo ya kazi yenyewe. Kenya nayo inayataka hayo katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Na kanuni za ajira zilizotolewa Tanzania mwaka huohuo wa 2007 zinagusa pale panapouma zaidi. Mtu akiachishwa kazi kwa utendaji duni, huulizwa kama alikijua kiwango alichotakiwa kukifikia, au kama ilikuwa haki kutarajia kwamba anakijua, na kama alipewa nafasi ya kutosha kukifikia. Bosi ambaye mwaka mzima alikuwa akisema "changamka" hana cha kuweka mezani siku hiyo.